Kubashiri Kijivu: Tengeneza Modeli Ndogo ya Ung'avu kwa Lahajedwali

Ukichora mabango, ukipanga kurasa za gazeti la shule au ukihariri picha za harusi hapa Kisumu, siku moja utaambiwa kijivu chako "kimebadilika". Hakijabadilika. Jicho halipimi mwanga kama mita ya stima inavyopima umeme. Linalinganisha kila sehemu na majirani zake, kisha linakuletea matokeo ya ulinganisho huo kana kwamba ndiyo rangi yenyewe.

Ulinganisho huo unaweza kuandikwa kwa hesabu. Hapa tutatengeneza modeli ndogo kwa Google Sheets au Excel, bila kuandika programu yoyote, halafu tuijaribu kwa macho ya watu. Laptopu ya kawaida inatosha. Simu nayo inaweza, ila vidole vitakuchosha ukifika kwenye laha kubwa.

Nina sharti moja. Andika namba ya modeli kabla hujamwonyesha mtu picha. Ukingoja kusikia watu wanasema nini ndipo ukatafute fomula, utapata fomula ya kueleza chochote, na hutajua kama modeli inajua lolote.

Nitatumia "mwanga" kwa kile kinachotoka kwenye skrini na kuweza kupimwa na kifaa, na "ung'avu" kwa jinsi mtu anavyokiona.

Hatua ya 1: Tuliza skrini

Zima mwangaza unaojirekebisha wenyewe, zima ile hali ya usiku inayofanya skrini kuwa ya njano, kisha ingia ndani, mbali na dirisha. Jua la adhuhuri hapa karibu na ikweta hufuta tofauti zote ndogo za kijivu kwenye skrini, na tofauti hizo ndizo tunazozitafuta.

Kata uzi wa sentimita 57 na uutumie kupima umbali kutoka jicho hadi skrini. Kwa umbali huo, sentimita 1 ya skrini ni digrii 1 ya uoni. Watafiti wa uoni hupima picha kwa digrii kwa sababu jicho halijui sentimita, linajua pembe tu.

Hatua ya 2: Pata namba za kijivu zisizodanganya

Wengi hukwama hapa bila kujua. Programu ya michoro hukupa kijivu kwa namba za 0 hadi 255, nawe unadhani 128 ni nusu ya mwanga. Siyo. Kwenye skrini ya kawaida, 128 hutoa takriban asilimia 22 tu ya mwanga wa nyeupe. Tena nusu ya mwanga si nusu ya ung'avu, kwa kuwa jicho hubana mwanga mkali. Mwaka 1976 shirika la kimataifa la mambo ya mwanga, CIE, lilitoa kipimo cha L*, kinachoanzia 0 kwa nyeusi hadi 100 kwa nyeupe, na ambacho hatua zake zinakaribiana na hatua za macho. Kwenye kipimo hicho, sehemu inayotoa asilimia 18 ya mwanga hupata karibu 50.

Tutafanya kazi kwa L*. Ili kupata namba ya pikseli, weka L* katika A1, kisha katika B1 na C1 andika:

=((A1+16)/116)^3

=ROUND(255*(1.055*B1^(1/2.4)-0.055),0)

Fomula hizi zinafaa kwa L* iliyozidi 8. Zitakupa 48 kwa L* ya 20, 119 kwa L* ya 50, na 198 kwa L* ya 80. Hizo tatu ndizo rangi zetu: nyeusi yetu, kijivu chetu, nyeupe yetu.

Hatua ya 3: Modeli ya mstari mmoja

Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikuwa akisimamia idara ya rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Walalamikaji walisema nyuzi nyeusi hazikolei. Akazipima, akakuta rangi haina kasoro. Shida ilikuwa nyuzi zilizowekwa kando yake. Kitabu chake kuhusu jambo hilo kilitoka 1839. Mwanafizikia Ernst Mach alipofika 1865 alikuwa tayari na pendekezo la kihesabu: sehemu moja ya jicho hudhoofisha jirani zake. Karne iliyofuata wanasayansi walizikuta seli zenyewe. H. Keffer Hartline alizipima katika jicho la mnyama wa baharini aitwaye Limulus, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya 1967, na Stephen Kuffler alionyesha mwaka 1953 kwamba seli za retina ya paka, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zina kitovu na ujirani: mwanga ukiangukia kitovu seli inachangamka, ukiangukia ujirani inatulia, au kinyume chake.

Basi tuiandike hivyo hivyo. Fungua laha mpya. Safu ya A ndiyo picha, kila kisanduku ni ukanda mwembamba. Jaza 20 kuanzia A1 hadi A20, na 80 kuanzia A21 hadi A40. Kisha futa A9 hadi A12 uweke 50, na A29 hadi A32 uweke 50 pia. Una vipande viwili vya kijivu kilekile, kimoja gizani na kingine kwenye weupe.

Katika B10 weka kitovu, katika C10 ujirani, katika D10 tofauti:

=AVERAGE(A9:A11)

=AVERAGE(A5:A15)

=B10-C10

Nakili fomula hizo kuanzia mstari wa 6 hadi wa 35. Pembeni acha wazi, kwani huko ujirani unatoka nje ya picha na hesabu inapotoka.

D10 itasoma 19.09 na D30 itasoma −19.09. Modeli inabashiri kwamba kipande cha gizani kitaonekana king'avu zaidi. Usizisome namba hizi kama hatua za L*; hakuna mtu atakayeona tofauti ya hatua 38. Kwa sasa zinakupa upande tu, yaani kipi kitazidi kipi.

Hatua ya 4: Ipe mteremko

Badilisha safu ya A: 20 hadi A15, kisha panda kwa 6 kila kisanduku, 26, 32, 38, mpaka ufike 80 kwenye A25, halafu 80 hadi mwisho. Tazama safu ya D. Kwenye tambarare ni sifuri, katikati ya mteremko ni sifuri, lakini mguuni, D15, ni −6.18, na kileleni, D25, ni 6.18. Modeli inasema utaona utepe wa giza chini ya mteremko na utepe mweupe juu yake, ingawa kwenye picha hakuna utepe wowote. Chora mteremko huo kwenye skrini na utauona. Hiyo ndiyo mikanda ya Mach.

Ukitaka kuona kitu cha jamii hiyo bila skrini, toka asubuhi na mapema ukatazame milima ya Nandi ikipangana safu nyuma ya safu. Pale safu moja inapokutana na nyingine, ule upande uliofifia huonekana umepakwa chokaa ukingoni. Ukungu haujapaka kitu.

Hatua ya 5: Uliza watu, na uulize vizuri

Rudi kwenye vipande viwili vya hatua ya 3 na uvichore katika programu yoyote ya michoro kwa namba 48, 119 na 198. Tengeneza pia kipimo: viraka 15 vidogo vya kijivu, L* 36 hadi 64 kwa hatua ya 2, kila kimoja na herufi yake, vyote juu ya usuli mmoja usiobadilika, na mpangilio uwe wa kuchanganya, si wa ngazi. Swali ni moja: "Kiraka gani kinafanana na hiki?" Usiulize "kipi ni king'avu zaidi?" kwa sababu hapo umeshamdokezea kwamba kuna tofauti.

Wazee hasa hudhani ni mtihani. Nimeshaulizwa, "Sasa wewe unataka niseme gani?" Jibu ni, "Mzee, hakuna kukosea hapa, niambie tu unachokiona." Halafu unyamaze. Nusu ya watu waonyeshe picha ikiwa imegeuzwa, giza kulia na weupe kushoto, ili upendeleo wa upande usikuharibie hesabu. Anayevaa miwani avae. Ukiwa Kakamega, chuo cha Masinde Muliro kina wanafunzi wa optometria, taaluma ya kupima macho, na hao hawahitaji kubembelezwa sana.

Baada ya majibu, si kabla, toa kinyago: karatasi ya manila yenye matundu mawili yanayoacha vipande viwili tu vionekane. Mama mmoja aliyekuja kuchukua bango la duka lake la nafaka alinisimamia hivi: "Kijana, umenipaka rangi mbili hapa." Nikamwambia, "Hapana mama, ni wino mmoja." Hakuamini. Nikaweka manila. Akaichungulia, akaiondoa, akairudisha, akaiondoa tena. "Basi hayo macho ndiyo yanataka kubadilishwa," akasema, na bado akataka nirekebishe. Alikuwa sahihi kutaka hivyo, kwa kuwa wateja wake hawatakuja dukani na manila. Tutafika huko kwenye hatua ya mwisho.

Hatua ya 6: Picha inayoiangusha modeli

Mpaka hapa modeli inapendeza, na ni hapa watu wengi huishia. Usiishie. Mwaka 1979 Michael White alichapisha picha ya mistari ambayo hesabu ya kitovu na ujirani haiwezi kuieleza, na kwangu hii ndiyo picha muhimu kuliko zote katika somo hili.

Fungua laha iitwayo Picha. Itakuwa na mistari 32 ya kulala na safu 40, A hadi AN. Mistari 1–4 jaza 20, 5–8 jaza 80, 9–12 jaza 20, na uendelee kupishanisha hivyo hadi wa 32. Sasa weka 50 katika K9:R12, ndani ya mstari mweusi, na 50 katika W21:AD24, ndani ya mstari mweupe. Kwenye skrini, fanya kila kisanduku milimita 1.

Tazama picha kwanza. Karibu kila mtu huona kijivu kilicho ndani ya mstari mweusi kuwa king'avu zaidi. Sasa hesabu majirani zake: juu yake kuna mstari mweupe, chini yake mweupe, na nyeusi inakigusa kwenye ncha mbili fupi tu. Kimezungukwa zaidi na weupe, na bado kinang'aa.

Fungua laha ya pili na katika N10 andika:

=AVERAGE(Picha!M9:O11)-AVERAGE(Picha!I5:S15)

Jibu ni −16.1. Nakili fomula hiyo hadi Z22, kwenye kile kipande kingine, na utapata 16.1. Modeli haijakosea kidogo. Imekosea kichwa chini miguu juu. Watu wanaona hiki, yenyewe inasema kile.

Hatua ya 7: Fundisha modeli mielekeo

Seli nyingi za gamba la ubongo linaloshughulikia uoni, tofauti na zile za retina, huchagua mwelekeo: nyingine hupenda mistari ya kulala, nyingine ya kusimama, nyingine ya mshazari. Mwaka 1999 Barbara Blakeslee na Mark McCourt walitoa modeli iitwayo ODOG, yenye vichujio, yaani hesabu za kitovu na ujirani kama yetu ila zenye mwelekeo, vya mielekeo 6 na ukubwa wa aina 7, jumla 42. Siri yake haiko kwenye wingi wa vichujio. Iko kwenye hatua moja: matokeo ya kila mwelekeo hugawanywa kwa nguvu yake yenyewe katika picha nzima, kabla ya kujumlishwa. Mwelekeo unaopiga kelele unapunguzwa sauti, unaonong'ona unapandishwa.

Sisi tutatumia mielekeo miwili na ukubwa mmoja. Katika laha iitwayo Kulala, N10, linganisha kipande na majirani wa mstari wake tu:

=AVERAGE(Picha!M10:O10)-AVERAGE(Picha!I10:S10)

Katika laha iitwayo Kusimama, N10, linganisha na walio juu na chini yake tu:

=AVERAGE(Picha!N9:N11)-AVERAGE(Picha!N5:N15)

Nakili kila moja ijaze F6:AI27. Kulala inatoa 8.18, kusimama inatoa −19.09. Ukijumlisha tu, unabaki upande wa makosa: −10.9. Sasa pima nguvu ya kila laha kwa kisanduku kilicho nje ya eneo hilo:

=SQRT(SUMSQ(F6:AI27)/660)

Ile 660 ni idadi ya visanduku, 22 kwa 30. Kusimama ina nguvu ya 27.3, kwa sababu mistari imejaa picha nzima na kila ukivuka kutoka mweusi kwenda mweupe kuna tofauti kubwa. Kulala ina 3.49 tu, kwani ukitembea ndani ya mstari hukutani na kitu mpaka ufike kwenye kijivu. Gawanya: 8.18 kwa 3.49 ni 2.34, −19.09 kwa 27.3 ni −0.70. Jumla ni 1.64. Fanya vivyo hivyo Z22 na utapata −1.64.

Modeli imegeuka, na sasa inasema wanachosema watu. Kilichobadilika ni ule mgawanyo peke yake. Tulia hapo kidogo, ubadilishe namba, ufupishe vipande, urefushe, uone jumla inavyocheza. Utajifunza mengi kwa kuvurugavuruga laha hii kuliko kwa kusoma maelezo yangu.

Hatua ya 8: Sasa ivunje tena

Ongeza upande wa kulia wa Picha, safu AO hadi CB, mistari ya kusimama ya 20 na 80, kila mmoja upana wa safu 4. Vipande vya kijivu usiviguse. Panua fomula za laha mbili zifike BW27, na nguvu uipime kwa F6:BW27, ukigawanya kwa 1540.

Matokeo ya N10 yanashuka hadi karibu −0.6. Modeli imerudi kwenye kosa lake la zamani kwa sababu ya mistari iliyochorwa mbali, upande wa pili wa picha. Mwonyeshe mtu picha hiyo pana umuulize tena. Kijivu cha ndani ya mweusi hakitamgeukia kwa sababu ya mistari ya kule pembeni. Ubongo hausawazishi nguvu kwa kuangalia picha nzima kwa mkupuo.

Kasoro ya namna hiyo ndiyo Alan Robinson, Paul Hammon na Virginia de Sa waliishughulikia mwaka 2007: waliibadilisha ODOG ili kila sehemu isawazishwe kwa nguvu ya eneo lililo karibu nayo. Kwenye laha yako, badala ya kupima nguvu kwa F6:BW27, rudi kwenye F6:AI27 kwa vipande vya kijivu, na namba za hatua ya 7 zitarudi. Kinachobaki kuwa na ubishi ni "karibu" iwe kiasi gani. Jaribu madirisha ya ukubwa tofauti uone ni lini modeli inayumba.

Kuna picha ambazo hata modeli hizo hazizimalizi. Ubao wa drafti wenye kivuli, ambao Edward Adelson aliuchora mwaka 1995, unahitaji jicho lielewe kwamba kile ni kivuli kilichoangukia ubao, na vichujio havijui kivuli ni nini. Siku hizi wapo wanaopitisha picha za namna hii kwenye mitandao ya neva, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kwa mifano, iliyofunzwa kusafisha picha zenye chengachenga, na baadhi ya mitandao hiyo nayo hudanganyika kama sisi. Kwa mchoraji wa mabango, hata hivyo, vivuli vya Adelson si kazi ya kila siku. Mistari na usuli ndiyo kazi ya kila siku.

Hatua ya 9: Rekebisha bango

Chukua majibu ya hatua ya 5. Tuseme kipande cha gizani watu walikifananisha, kwa wastani, na L* 53, na cha kwenye weupe na 47, wakati vyote ni 50. Punguza cha gizani hadi 47, ongeza kile kingine hadi 53, pata namba za pikseli kwa fomula za hatua ya 2, kisha uliza tena watu ambao hawakuona picha ya kwanza. Usiache kuuliza mara ya pili: ukibadilisha kipande umebadilisha pia tofauti yake na jirani, kwa hiyo marekebisho ya kwanza mara nyingi hupitiliza au hupungua kidogo.

Ukishakuwa na picha kadhaa zilizojibiwa, ziweke kwenye grafu, namba ya modeli chini na wastani wa watu kando. Vitone vikipanda pamoja, tafuta kizidishi kimoja kinachogeuza namba ya modeli kuwa hatua za L*, na bango linalofuata utalirekebisha kwa laha kabla ya kumsumbua mtu. Vikitawanyika, usipoteze muda kutafuta kizidishi. Tazama kwanza ni picha gani iliyokaa peke yake na ina mistari ya aina gani.

Mwisho wa yote, printa kipande kidogo kwanza, kitundike nje mahali bango litakapokaa, na ukitazame kutoka upande wa pili wa barabara. Kwa umbali huo mistari inakuwa myembamba zaidi jichoni, na kwenye picha za White mistari ikiwa myembamba, tofauti huongezeka. Marekebisho uliyoyafanya ukiwa umekaa sentimita 57 kutoka kwenye skrini huenda yasitoshe.